Nani Aliyetwikwa? Kukisoma upya kitabu cha Jenerali von Lettow-Vorbeck

0. Utangulizi

Wanafunzi wetu wanapofikia somo la kuenea kwa Kiswahili, huwa tunawatajia njia zilezile: misafara ya biashara, misheni, utawala wa kikoloni na jeshi. Kuhusu jeshi, mfano wa kwanza kutujia mdomoni ni lile la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, lililopigana tangu Agosti 1914 hadi Novemba 1918 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Twawaambia ya kuwa humo Mjerumani, Mnyamwezi, Msukuma, Mmanyema na Msudani walisikilizana kwa Kiswahili, na kwamba vita viliitembeza lugha hiyo pamoja na safu za jeshi hadi ng'ambo ya Ruvuma. Mfano huo wapendeza. Wampa mwalimu wa Kiswahili fahari kidogo, naye hana nyingi. Mimi mwenyewe nimeufundisha kwa miaka kadhaa bila kujiuliza fahari hiyo ni ya nani, wala niliiokota wapi.

Niliiokota kwa jenerali mwenyewe. Mwaka 1920 alichapisha kumbukumbu zake za vita, *Meine Erinnerungen aus Ostafrika*, ambazo zilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka huohuo. Mwaka huohuo tena alitoa *Heia Safari!*, kitabu chepesi cha kuwasomea vijana wa Kijerumani. Baadaye, 1957, akaandika maisha yake yote katika *Mein Leben*. Mengi yaliyosemwa juu ya vita hivyo kwa miaka mingi, hata na wale waliokuwa adui zake, yalitoka katika kumbukumbu zile za 1920. Ndizo ninazotaka kuzijadili hapa. Nitadai kwamba ni kitabu kilichoandikwa kwa ustadi kuliko tunavyodhani, kwamba kinamtukuza askari hata mpagazi asionekane, na kwamba sisi walimu wa Kiswahili tumekisoma jinsi mwandishi wake alivyotaka kisomwe.

1. Mtu mwenyewe

Maisha yake yamekwisha kusimuliwa mara nyingi, tuyapitie upesi. Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 mjini Saarlouis, katika ukoo wa maofisa wa Prussia. Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na majeshi ya kigeni yaliyokwenda kuwapiga waasi walioitwa Boxer. Kati ya 1904 na 1906 alikuwa katika nchi iitwayo leo Namibia, chini ya Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mnamo Oktoba 1904. Huko alijeruhiwa jicho. Januari 1914 alitua Dar es Salaam akiwa luteni kanali, ili kuliongoza jeshi la koloni lenye askari karibu 2,500. Cheo cha jenerali kilimfikia porini, mwaka 1917.

Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae nje ya vita. Luteni kanali hakutaka. Hoja yake aliieleza tangu kurasa za mwanzo: hatima ya koloni itaamuliwa Ulaya, kwa hiyo kazi ya jeshi dogo la Afrika ni kuwafunga hapa askari wengi wa adui iwezekanavyo, wasipate kwenda kupigana kule. Mnamo Novemba 1914, kwa watu wapatao elfu moja, alilirudisha baharini jeshi la watu karibu 8,000 lililoletwa Tanga kutoka India. Baada ya ushindi wa Jasin, Januari 1915, alioununua kwa maofisa na risasi nyingi, aliona kwamba hawezi kumudu ushindi wa aina hiyo. Kutoka 1916 alirudi nyuma, akapigana, akarudi nyuma tena, mpaka alipovuka Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917, akaingia Msumbiji, akazunguka, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Habari za kusitishwa kwa vita zilimkuta karibu na mto Chambeshi. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini huko Abercorn, iitwayo sasa Mbala.

Machi 1919 alipokewa Berlin kama mshindi, akapita chini ya lango la Brandenburg juu ya farasi. Mwaka uliofuata aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua jamhuri, na jeshi likamwondoa. Kati ya 1928 na 1930 alikuwa mbunge. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964.

Tukio moja tu katika hayo lanisimamisha, nalo ni la Namibia. Katika kumbukumbu za 1920, vita dhidi ya Waherero na Wanama hutokea mwanzoni kabisa, kwa mistari michache, kama mahali alipojifunza vita vya porini. Ni darasa. Maiti za Waherero zilizobaki katika jangwa la Omaheke hazimo. Msomaji asiyejua historia atadhani afisa huyu alikwenda kusini kusoma, akafaulu, akaja mashariki kufanya kazi. Namna hiyo ya kuandika, yaani kulitaja jambo ili lisiulizwe tena, ndiyo tutakayoikuta kitabu kizima.

2. Ustadi wa kitabu

Tusimpunje. Kitabu kimeandikwa vizuri. Sentensi si ndefu. Tarehe na umbali zimewekwa mahali pake. Mwandishi hajisifu waziwazi, na asiyejisifu huaminiwa upesi. Hueleza jinsi walivyotengeneza mkate kwa mtama na viazi vitamu, viatu kwa ngozi za wanyama, vitambaa kwa pamba ya nchi, na jinsi gome la mkwinini lilivyochemshwa likatoa dawa chungu ambayo askari wazungu waliibatiza jina lake, Lettow-Schnaps. Mizinga ya meli *Königsberg*, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mnamo Julai 1915, ilitolewa majini ikakokotwa nchi kavu. Kurasa hizo husomeka kama hadithi ya mtu aliyetupwa kisiwani akaanza dunia upya kwa mikono yake.

Kwa mikono yake: hapo ndipo ustadi ulipo. Nani aliyevuna mtama? Nani aliyekokota mizinga ile, ambayo kila mmoja ulihitaji mamia ya watu kwenye kamba? Kitabu hakidanganyi, hutumia tu kauli ya kutendwa, na wakati mwingine huweka neno la jumla, "wenyeji". Vitu hupatikana. Mizigo hufika.

Kitabu kina sehemu tatu. Ya kwanza yahusu siku za kabla ya kuja kwa majeshi ya Afrika Kusini, ya pili yahusu kushambuliwa kutoka pande zote na adui mwenye nguvu kupita kiasi, na ya tatu, baada ya Ruvuma, yaitwa mapigano katika nchi ya kigeni. Jina hili la tatu lastahili kuangaliwa. Nchi ya kigeni kwa nani? Wayao na Wamakonde hukaa kingo zote mbili za Ruvuma. Mpaka ule Wazungu ndio waliouchora, na haukuwa na umri wa miaka arobaini. Katika safu iliyovuka mto siku ile, waliokuwa ugenini kweli ni wale Wazungu karibu 300. Lakini jina la sehemu limekwisha kumpa msomaji macho ya kutazamia: kaskazini ya mto ni nyumbani kwa Mjerumani, kusini ni kwa watu.

Kuhusu mkakati wenyewe siwezi kusema kama mwanajeshi. Nakumbusha tu kwamba Hew Strachan, mwanahistoria wa vita hivyo, ameonyesha udhaifu wa pande mbili. Kwanza, wengi wa wale waliofungwa Afrika, Wahindi, Waafrika Kusini na Waafrika wa magharibi, si askari ambao Uingereza ingewapeleka Ufaransa. Pili, jenerali huyu anayesifiwa kama bingwa wa vita vya msituni hakuacha kutamani mapigano makubwa ya uso kwa uso. Huko Mahiwa, Oktoba 1917, aliyapata, akashinda, akapoteza watu zaidi ya 500 kwa kuuawa na kujeruhiwa, na risasi ambazo hangeweza kuzipata tena. Mwezi mmoja baadaye aliwaacha nyuma wagonjwa na wadhaifu wake kwa mamia, akauvuka mto.

3. Sarufi ya mzigo

Nije sasa kwenye kazi yetu, yaani lugha. Katika zoezi la tafsiri niliwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kurasa chache za kumbukumbu hizo, zinazohusu chakula na uchukuzi. Wote, bila kuagizwa, waliandika "mizigo ilibebwa". Ilikuwa tafsiri sahihi. Nikawauliza: tukimwambia mama atokaye sokoni kwamba mzigo ulibebwa, atauliza nini? Mmoja akajibu mara moja: atauliza ni nani aliyemtwika.

Kitenzi hicho, kutwika, nilikuwa nimekisahau. Kiswahili hakitoshelezwi na kubeba. Kumtwika mtu ni kumwekea mzigo kichwani au begani. Mtendwa wa kwanza ni mtu, mzigo huja baada yake. Mtu hutwikwa mzigo, na mwenye bahati hutuliwa na mwingine mwishoni mwa njia. Asiye na wa kumtua hujitua mwenyewe. Tuna pia kubebesha na kubebeshwa. Vitenzi hivi vyote vina nafasi iliyo wazi ndani yake, na nafasi hiyo hudai ijazwe: alitwikwa na nani? Kauli ya Kijerumani ya kurasa zile hutembea bila kudai hivyo. Tulipoyaandika upya mafungu yaleyale kwa kutwika badala ya kubeba, kitabu kilibadilika mikononi mwetu. Aliyekuwa amejificha nyuma ya mizigo alisimama, naye ni yule anayesimulia.

Hesabu pia ni sarufi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hadi 30. Mtu atembeaye mchana kutwa ahitaji nafaka kama kilo moja kwa siku. Basi mpagazi aliyetwikwa nafaka, akiila hiyohiyo, aimaliza yote kwa siku zisizozidi thelathini. Na kama ni lazima arudi kuchukua nyingine, hawezi kwenda mbali zaidi ya siku kumi na tano, na siku hiyo ya kumi na tano hafikishi kitu. Kwa hiyo jeshi linalokaa porini miaka minne haliwezi kulishwa kwa kubeba tu. Ni lazima lile vijiji. Kumbukumbu za jenerali zajua hesabu hiyo vizuri. Zimejaa akiba za siku kadhaa na maeneo yenye chakula yaliyofikiwa kwa wakati. Kinachokosekana ni siku inayofuata katika maeneo hayo, safu ikiisha kupita.

Siku hiyo inayofuata imeandikwa na mwingine. Ludwig Deppe, daktari wa jeshi hilohilo, alichapisha kitabu chake mwaka 1919, mwaka mmoja kabla ya kile cha mkuu wake. Alikiri ya kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa iliyokuwa ikija. Katika nchi ya Wagogo njaa hiyo ilipata jina lake, Mtunya, nayo ilidumu kuanzia 1917 hadi 1920: ng'ombe, nafaka na wanaume walichukuliwa kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza, kisha mvua ikakosa, kisha likaja homa la mafua la 1918. Methali yetu ya tembo wawili na nyasi, ambayo kila mwanafunzi huikimbilia hapa, haitoshi. Nyasi hazijapata kumbeba tembo.

Neno mpagazi lenyewe lina historia ya kusikitisha. Katika karne ya kumi na tisa upagazi ulikuwa kazi ya mshahara. Kijana wa Unyamwezi aliyeshuka hadi pwani akarudi alihesabiwa mwanamume. Alikuwa na wimbo wake, ngata yake, kiburi chake, na kama mwenye msafara hakumlipa aliweka mzigo chini, akaondoka. Kitenzi cha zamani kupagaa ni kubeba begani. Siku hizi twakijua zaidi katika kupagawa, pale pepo anapompanda mtu. Vita vya 1914 viliusogeza upagazi kutoka maana ya kwanza kuelekea ya pili. Mtu hakuenda tena safari. Alikamatwa kijijini kwake. Waingereza nao, waliokuwa na watu wapatao milioni moja katika kazi hiyo kwa muda wote wa vita, waliandika vifo zaidi ya 90,000, na wanahistoria wengi hudhani hiyo ni pungufu. Mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, imebaki na jina la kikosi hicho. Upande wa Lettow-Vorbeck hakuna mtaa, kwa sababu hapakuwa na orodha.

Baada ya haya, lile jina la kitabu cha vijana, *Heia Safari!*, laudhi. Hiyo "heia" si neno letu. Hiyo "safari" ni letu, lakini limevuliwa jasho.

4. Askari mwaminifu

Itasemwa: lakini askari? Je, hawakumpenda mkuu wao? Je, hawakumfuata hadi mwisho?

Picha ya askari mwaminifu ndiyo mali kubwa ya kitabu, na kwa wasomaji wa Kijerumani wa 1920 ilikuwa na kazi maalumu. Mkataba wa Versailles ulikuwa umewanyang'anya makoloni kwa madai kwamba hawakuyatawala vyema. Mwafrika aliyemfuata Mjerumani kwa miaka minne bila kutishwa alikuwa ushahidi wa kupinga hukumu hiyo. Kwa hiyo uaminifu ule haukuwa habari tu. Ulikuwa ombi la rufani.

Habari zenyewe ni ngumu zaidi. Askari zaidi ya 2,000 walitoroka katika vita hivyo. Wengine walitekwa, kisha wakaandikishwa na Waingereza wakapigana upande wa pili, na baadhi walirudi tena walikotoka. Michelle Moyd, katika kitabu chake cha 2014 juu ya askari hao, amewaeleza kama watu waliokuwa wakitafuta heshima yao wenyewe: mke, watumishi, mifugo, jina la ukubwa. Kubaki na safu kulikuwa, kwa wengi, ndiyo njia pekee ya kutoipoteza nyumba yao, kwa maana nyumba yenyewe ilikuwa ikitembea nyuma yao: wanawake walioandamana na jeshi wakiwa wamebeba mizigo na watoto. Tusigeuze hayo kuwa utakatifu. Askari hao walikuwa ndio wakamataji wa wapagazi, na mwanakijiji aliyeiona kofia yao alikimbilia porini. Lakini hayo ni mambo ya watu wenye hesabu zao, wala si mapenzi ya mtoto kwa baba yake, ambayo ndiyo sura kitabu kinayotupatia.

Kuna hati nyingine juu ya majenerali, nayo wenyewe waliicheza. Baada ya vita, ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani, ilisambaa bara pamoja na askari na wapagazi waliorudi makwao. Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu chake cha 1975, na ilifika hadi Katanga, ambako wakuu wa koloni waliiangalia kwa wasiwasi. Katika vyama vya beni watu walijivika sare, walipiga gwaride, walijipa vyeo: mfalme, gavana, jenerali. Wasomi wamebishana sana kama huko kulikuwa kuiga au kudhihaki. Naona swali hilo limewekwa vibaya. Mtu aliyemtazama jenerali kwa miaka minne kutoka chini ya mzigo alijua ujenerali unafanywa kwa vitu gani: kofia, sauti, na watu wa kutwikwa. Akiisha kupata kofia na sauti, alikuwa na sehemu mbili za tatu.

5. Upande wetu wa ziwa

Ingekuwa rahisi kuyaandika haya yote kana kwamba ni dhambi za Mjerumani mmoja. Force Publique iliyovuka mpaka mwaka 1916 chini ya Jenerali Charles Tombeur, ikaingia Kigali mwezi Mei na Tabora tarehe 19 Septemba, haikubebwa na malaika. Ndege za Wabelgiji zilizoishambulia Kigoma mnamo Juni mwaka huo ziliruka kutoka Mtoa, si mbali na Kalemie, na kila kipande chake kilikuwa kimesafiri kupitia mikono ya watu. Wapagazi waliotumiwa katika vita hivyo vya mashariki hukadiriwa kuwa 260,000. Tombeur alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na lake. Ukisoma taarifa za Kibelgiji baada ya kutoka katika kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, husikii kwamba umebadili jeshi. Maadui hawa walikuwa na kauli moja ya kutendwa.

Twajifariji kwamba sisi tuna fasihi ya kujibu. Kwa vita vya awali, kweli tunayo: Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya Wadachi walipoitwaa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Kwa vita vya 1914 sijapata utenzi wa ukubwa huo juu ya wapagazi. Martin Kayamba, mwalimu wa misheni aliyefungwa na Wajerumani wakati huo, ameacha maisha yake katika mkusanyo wa Margery Perham wa 1936. Abdulrazak Gurnah ameipeleka hadithi ya askari na wanakijiji katika riwaya *Afterlives* ya 2020, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwetu Lubumbashi tuna kielelezo cha namna nyingine: ile historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha mji, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Waliokuwa wakipiga pasi waliandika juu ya waliovaa. Hapajatokea bado Yav wa wabeba mizigo, na waliokuwapo wote wamekwisha kufa.

Lipo andishi moja la hadharani ambalo wanafunzi wangepaswa kulisoma. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa 1927, una maneno kwa Kiingereza na Kiswahili, na humo wapagazi wametajwa: wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Kwa Waingereza hiyo ilikuwa heshima, na kweli ni zaidi ya alichowapa Lettow-Vorbeck. Hata hivyo sanamu iliyosimama juu ya maneno hayo ni ya askari peke yake na bunduki yake. Viungo vimebaki chini, kwenye maandishi.

6. Ufagio

Mwaka 1953 mzee Lettow-Vorbeck alirudi Dar es Salaam, akapokewa na askari wake wa zamani. Mwaka 1964, mwaka aliofariki, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wale waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee kadhaa walikuja bila cheti chochote. Mtu wa benki aliyetumwa akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna aliyekosea. Hadithi hiyo hurudiwa karibu kila mahali anapotajwa jenerali, na wasomaji huipenda. Mimi pia niliipenda, na nimewahi kuisimulia darasani ili kuonyesha jinsi lugha ya amri ikaavyo mwilini.

Mwanafunzi mmoja, binti wa Maniema, aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mpagazi angepewa kitu gani ashike. Nilijibu kwamba malipo yalikuwa ya askari tu. Akasema hilo amelielewa. Anauliza angeshikishwa nini, kama angekuja. Sikuwa na jibu. Huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, pamoja na Wazungu karibu 150 na askari zaidi ya 1,100, walikuwako wapagazi zaidi ya 1,500, na hakuna gwaride la kubeba ambalo mtu angeweza kulipima kwa ufagio.

Tafsiri ya sehemu ya tatu ya kitabu inaendelea katika zoezi la mwaka huu, kwa kanuni hii: kila palipo na mzigo, mwanafunzi aandike nani alimtwika nani, na kama kitabu hakisemi, aache nafasi tupu kwenye mstari. Kurasa tulizomaliza hadi sasa zina nafasi nyingi kuliko maneno. Sambamba na hiyo twakusanya msamiati wa uchukuzi kwa wazee wa Maniema, Kivu ya Kusini na Tanganyika: majina ya ngata, ya namna za kufunga mtumba, ya vituo vya kupumzikia, ya mtu aangukaye njiani. Wasomaji wa jarida hili wenye maneno hayo, au wenye wimbo uliobaki kwa bibi zao, tunawaomba watuletee.